Alisema "Ni Kweli": Kisa cha Mwomba Hifadhi Mmoja Nairobi

Nakiandika kisa hiki kwa ajili ya wasaidizi wa kisheria wa mitaani, wakalimani, wachungaji, na yeyote anayepigiwa simu usiku akiambiwa "mgeni wetu ameshikwa". Jina la mama huyu nimelibadilisha, mtaa na mahakama nimevificha, na miezi nimeisogeza. Nchi aliyotoka nimeiacha ilivyo, kwa idhini yake, kwa sababu sehemu kubwa ya kisa imekaa ndani ya Kiswahili cha Kivu, na asiyejua hilo hataona tulipokosea.

## Usuli

Nitamwita Mama Neema. Alitoka Kivu Kusini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na binti mdogo mkononi na mimba ya miezi minne tumboni. Mumewe alikuwa amechukuliwa na watu wenye silaha akawabebee mizigo milimani. Alirudi baada ya miezi miwili amekonda, miguu imevimba. Wiki chache baadaye wakaja wengine wenye sare tofauti, wakiuliza kwa nini aliwasaidia wale wa kwanza. Usiku huo alitokea mlango wa nyuma, na mpaka leo hajulikani aliko. Nyumba ilichomwa. Mama Neema akafuatana na jirani, wakapita Rwanda, wakapita Uganda, wakalala Kampala siku nne kwa Wakongomani waliokutana nao kanisani. Busia alivuka kwa bodaboda, kwa njia ya panya, kisha akapanda basi la usiku hadi Nairobi alikokuwa na binamu ya mamake.

Binamu alimpokea vizuri. Chumba kimoja, godoro likalazwa sakafuni, na baada ya mwezi akamtafutia mtaji wa vitenge sita vya kuanzia. Pia akampa shauri moja: asijiandikishe popote. "Ukijiandikisha tu, unapandishwa basi la Kakuma."

Msomaji asimcheke binamu. Kwa miaka mingi Kenya imetaka wakimbizi wakae kambini, Dadaab upande wa Garissa au Kakuma upande wa Turkana. Desemba 2012 serikali ilitoa agizo kwamba wakimbizi wote wa mijini wahamie kambini, na ilikuwa Mahakama Kuu iliyolifuta mwezi Julai 2013. Aprili 2014 ukafuata msako mkubwa Eastleigh, maelfu wakapelekwa kuchunguzwa katika uwanja wa Kasarani. Binamu alikuwa Nairobi wakati huo. Hofu yake ilikuwa na tarehe.

Basi Mama Neema alikaa kimya miezi saba. Akajifungua mtoto wa kiume, akawa anatembeza vitenge huku amembeba mgongoni.

Hapa nisimamishe simulizi kidogo, kwa sababu mengi yanategemea swali moja: kwa miezi hiyo saba, kisheria mama huyu alikuwa nani?

Mtaani tunasema "mkimbizi" kwa kila aliyekimbia vita, na "mgeni" kwa waliobaki. Sheria ina maneno zaidi. Mhamiaji ni mtu yeyote aliyehama nchi yake, iwe kwa kazi, masomo, ndoa au biashara. Neno hilo peke yake halimpi ulinzi wa pekee. Mwomba hifadhi ni yule aliyeiambia serikali kwamba hawezi kurudi kwao, na ombi lake bado halijaamuliwa. Mkimbizi ni yule anayetimiza masharti ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1951 kuhusu wakimbizi, yaani ana hofu yenye msingi ya kuteswa kwa sababu ya rangi au kabila lake, dini, uraia, kuwa mmoja wa kundi fulani la kijamii, au msimamo wake wa kisiasa. Sisi Waafrika tuliongeza mlango wa pili kwa Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969: aliyelazimika kukimbia uvamizi, ukaliaji wa kigeni au matukio yaliyovuruga vibaya usalama wa umma, hata kama matukio hayo yametokea katika sehemu moja tu ya nchi yake, naye ni mkimbizi. Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ya mwaka 2021 inaitambua milango yote miwili.

Na kuna jambo ambalo hata mawakili wengine hulisahau. Kutambuliwa hakumfanyi mtu awe mkimbizi. Kunatangaza tu kile alichokuwa tayari. Mama Neema alikuwa mkimbizi tangu alipovuka mpaka akiwa na sababu zake. Alichokosa ni karatasi na sauti. Sheria inamtaka aliyeingia ajitokeze mara moja au ndani ya siku 30, na yeye alikuwa amezipita kwa mbali.

## Ijumaa jioni

Alishikwa saa kumi na mbili jioni karibu na stendi ya matatu. Ulikuwa msako wa kawaida.

"Kipande?"
"Sina."
"Umekuja Kenya kufanya nini?"
"Nauza vitenge."

Hilo ndilo lililoandikwa kwenye kitabu cha matukio kituoni: raia wa Kongo, mfanyabiashara, hana stakabadhi. Ukilitazama, kila neno ni la kweli. Aliulizwa anafanya nini, akajibu anachofanya. Hakuna aliyemwuliza kwa nini alitoka kwao, naye hakujua kwamba sentensi moja tu, "naomba hifadhi", ingebadilisha njia ya faili yake. Nilimwuliza baadaye kama aliwahi kulisikia neno hilo. Alilijua kwa maana ya kuhifadhi vitu, kama mahindi. Kwao mtu husema tu "nimekimbia".

Kwa kuwa ilikuwa Ijumaa, saa 24 ambazo Katiba, katika kifungu cha 49, inazitoa za kumfikisha mtu mahakamani ziliangukia wikendi, na akalala seli usiku tatu na mtoto wa miezi miwili. Anayefanya kazi hii anaujua uzito wa Ijumaa.

## Jumatatu mahakamani

Karani alimwuliza anaongea lugha gani. Akasema Kiswahili. Kwenye jalada likaandikwa: Kiswahili.

Akasomewa shtaka la kuwepo nchini kinyume cha sheria, kosa lililo katika kifungu cha 53 cha Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011, ambalo adhabu yake inaweza kufika faini ya shilingi 500,000 au kifungo cha miaka 3, au vyote viwili.

"Ni kweli ama si kweli?"
"Ni kweli."

Kiongozi wa mashtaka akaeleza jinsi alivyokamatwa. Akaulizwa kama maelezo ni ya kweli. Akasema tena ni kweli. Kisha akaulizwa anaiomba nini mahakama, naye akasema: "Munihurumie, niko na mutoto. Kwetu ni vita."

Faini shilingi 50,000 au kifungo cha miezi 6, na akimaliza arudishwe kwao. Nilipolisoma jalada siku kadhaa baadaye, shauri lote lilikuwa ukurasa mmoja na nusu wa mwandiko wa haraka. Lakini mstari wa mwisho kabla ya hukumu hakimu alikuwa ameandika, kwa mkono wake: ana mtoto, anasema kwao kuna vita. Nilipoufikia mstari huo nilirudi nyuma nikausoma tena, kwa sababu nilijua tumepata pa kushika.

## Faini ambayo hatukuilipa

Mchungaji wa kanisa lake alitupigia simu, sisi tunaosaidia wakimbizi kisheria, siku ya 9 tangu hukumu. Tulikutana kanisani kwao, jengo la mabati, jioni. Waumini walikuwa wamechanga, na mzee wa kanisa alikuwa na bahasha ya kaki yenye shilingi 31,500. Neema, yule binti mkubwa, alikuwa amelala kwenye benchi, kichwa kwenye mapaja ya binamu, viatu vyake vya plastiki vimepangwa chini vizuri kana kwamba ni kitandani kwake. Walichotaka kwetu ni msaada wa kufikisha 50,000 ili mama atoke kesho yake.

Tukawaambia wasilipe.

Sababu ilikuwa ile sehemu ya pili ya hukumu. Amri ilisema akimaliza adhabu arudishwe kwao. Kulipa faini ni kumaliza adhabu. Mlango wa gereza ungefunguka, na nje angekabidhiwa kwa maafisa wa kumpeleka mpakani. Fedha za waumini zingemnunulia mama huyo tiketi ya kurudi kule alikochomewa nyumba.

Mzee alinitazama. "Dada, unatuambia tumwache ndani? Na kichanga?"

Nilisema ndiyo, mzee, kwa siku chache. Sikuweza kumtazama machoni nilipokuwa nasema. Mtoto alikuwa na kikohozi, tulishaambiwa. Tulikuwa tunapima kikohozi cha leo dhidi ya bunduki za kesho, na hakuna mizani ya kupimia hayo. Tukakubaliana bahasha ikae kwa mzee, na kwamba kama hali ya mtoto ingekuwa mbaya tungekaa tena na kuamua upya.

Tulikuwa na njia mbili kisheria. Rufaa ina muda wa siku 14, na tulikuwa tumebakiwa na 5. Ila aliyekiri kosa hawezi kukata rufaa dhidi ya kutiwa hatiani, isipokuwa kuhusu uzito au uhalali wa adhabu. Hivyo ndivyo kifungu cha 348 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinavyosema. Ile "ni kweli" ilikuwa imefunga mlango huo. Tukachagua marejeo, vifungu vya 362 hadi 364, ambapo Mahakama Kuu huita jalada la mahakama ya chini na kulikagua kama mwenendo ulikuwa halali na sahihi. Marejeo yanaweza kuanza kwa barua. Hayadai karatasi nyingi, na kwa mtu aliye ndani hilo ni jambo kubwa.

Siku hiyohiyo tuliandika barua nyingine mbili. Ya kwanza kwa Kamishna wa Masuala ya Wakimbizi: kwamba fulani, aliye gerezani, anaomba hifadhi kuanzia leo, na tunaomba asiondolewe nchini kabla hajasikilizwa. Ya pili kwa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi. Barua ya Kamishna ilimgeuza mama huyu, kwenye karatasi, kutoka mhamiaji aliyehukumiwa hadi mwomba hifadhi. Nakala yake yenye mhuri wa kupokelewa tuliiambatanisha na ombi la marejeo.

Gerezani nilikwenda na fomu yetu ya kawaida. Tuliketi kwenye benchi la saruji, mtoto akinyonya. Nilipomweleza kuhusu hifadhi alisikiliza, kisha akauliza: "Dada, sasa nikisema hivyo, si watasema nilidanganya pale kwa hakimu?" Lilikuwa swali zuri kuliko mengi niliyosikia kwa mawakili. Nilimjibu kwamba alichokubali mahakamani ni kwamba hana karatasi. Kwa nini hana, hakuna aliyemwuliza.

Kwenye fomu, mahali palipoandikwa lugha, nilijaza: Kiswahili. Nitalirudia jambo hili.

## Mahakama Kuu

Hoja zetu zilikuwa tatu, na nitatumia muda kwenye ya kwanza tu, maana nyingine mbili zilisimama juu yake.

Kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki mwaka 1973, ndiyo inayofuatwa mpaka leo kuhusu kukiri kosa. Shtaka na kila kipengele chake lazima vielezwe kwa lugha ambayo mshtakiwa anaielewa. Jibu lake liandikwe kwa maneno yake. Maelezo ya tukio yasomwe, naye apewe nafasi ya kuyapinga au kuongeza. Akisema jambo linaloonyesha kwamba huenda ana utetezi, hakimu afute kukiri kule na kuandika kwamba amekana. Mama Neema alisema kwao ni vita. Kwa mtu anayeshtakiwa kuwa nchini bila kibali, huo ndio utetezi wenyewe, kwa sababu kifungu cha 31 cha Mkataba wa 1951 kinakataza kumwadhibu mkimbizi kwa kuingia au kuwepo bila ruhusa, mradi ajitokeze bila kuchelewa na aeleze sababu nzuri. Kwamba alichelewa au hakuchelewa lilikuwa swali la kusikilizwa, na halikusikilizwa.

Hoja ya pili ilikuwa kanuni ya kutorudishwa: hakuna kumrejesha mtu mahali ambapo uhai au uhuru wake uko hatarini. Iko kwenye kifungu cha 33 cha Mkataba, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1966, na kwa kifungu cha 2(6) cha Katiba yetu ni sehemu ya sheria za Kenya. Ya tatu ilikuwa lugha.

Siku ya 31 tangu hukumu, Mahakama Kuu ilifuta kutiwa hatiani, adhabu na amri ya kumrudisha, na ikaelekeza aachiliwe ili ashughulikiwe kama mwomba hifadhi. Ukijumlisha seli na gereza, alikaa ndani siku 34. Bahasha ya kaki ilirudi kwa waumini, nao wakaitumia kumlipia kodi ya miezi kadhaa.

## Neno moja kwenye mahojiano

Alijiandikisha, akapewa pasi ya mwomba hifadhi, na tukadhani gumu limepita. Mahojiano ya kuamua hadhi yake yalikuja baada ya muda mrefu, nayo yakamwacha amechanganyikiwa. Alikuwa ameulizwa mno kuhusu mumewe na jeshi. Baadaye tukaarifiwa kwamba uamuzi umesimama kwa sababu ya maswali ya kutengwa.

Kutengwa ni neno baya kulipata kwenye faili. Kifungu cha 1F cha Mkataba kinawanyima ulinzi watu ambao kuna sababu nzito za kuamini wametenda uhalifu wa kivita, uhalifu dhidi ya binadamu au makosa mazito yasiyo ya kisiasa nje ya nchi ya hifadhi. Ni kifungu cha haki: ukimbizi usiwe maficho ya wauaji. Lakini mama wa vitenge aliingiaje humo?

Tukaomba kuona maelezo yalivyoandikwa. Yalisema: mume wake alitumika jeshini miezi miwili, kisha akatoroka.

Nikampigia. "Mama Neema, uliwaambia nini hasa kuhusu mumeo?" Akarudia bila kusita: "Bwana yangu alitumika kwa basoda myezi mbili, kwa nguvu. Alikuwa anabeba mizigo."

Kwetu, kinachotumika ni kitu: sabuni inatumika, sheria inatumika. Ukisema mtu alitumika jeshini, Mkenya anasikia askari aliyelitumikia jeshi. Kwao Kivu, kutumika ni kufanya kazi. Mwalimu anatumika shuleni, fundi anatumika gereji. Mama alisema mumewe alifanyishwa kazi na wanajeshi, kwa lazima, ya upagazi. Mkalimani, Mkenya mwenye Kiswahili safi na asiye na nia mbaya yoyote, alisikia utumishi wa jeshi. Yale maneno "kwa nguvu" yalianguka njiani, labda yalieleweka kama "kwa bidii". Aliyeteswa akaandikwa mpiganaji, na kukimbia kwake watesi kukawa kutoroka jeshi.

Na yule mkalimani aliletwa kwa sababu faili ilisema lugha ni Kiswahili. Faili ilisema hivyo kwa sababu mimi niliandika hivyo kule gerezani. Na wakati huohuo nilikuwa nikilalamika mbele ya Mahakama Kuu kwamba mahakama ya chini iliandika "Kiswahili" bila kuuliza zaidi.

Tuliandika kueleza tofauti hiyo, tukaomba mahojiano mapya yenye mkalimani anayetoka Bukavu, kulekule Kivu Kusini, au karibu yake. Tukaongeza hoja ya sheria: kutengwa ni kwa mtu mmojammoja, na hata kama mume angekuwa askari, hilo peke yake halimwondolei mke ulinzi. Mahojiano ya pili yalichukua chini ya nusu ya muda wa yale ya kwanza. Mkalimani aliposikia "alitumika kwa basoda, kwa nguvu" aliuliza swali moja tu, walimlipa? Mama akacheka kwa mshangao, cheko la kwanza nililowahi kulisikia kwake.

## Matokeo

Alitambuliwa kuwa mkimbizi pamoja na watoto wake wawili. Uamuzi ulijikita kwenye mlango wa 1969, yaani hali ya usalama ya Kivu. Nimeupokea kwa furaha, ila nadhani hata mlango wa 1951 ulikuwa wazi: wale wa sare ya pili walimwandama mume kwa kudhani yuko upande wa adui zao, na msimamo wa kisiasa ambao mtu anasingiziwa ni msimamo wa kisiasa machoni pa sheria. Tofauti hiyo si ya vitabuni tu. Nchi zinazopokea wakimbizi kwa makazi mapya hutazama zaidi ufafanuzi wa 1951, na faili ambayo haikuueleza huanza safari hiyo nyuma.

Mtoto wa kiume ana cheti cha kuzaliwa cha Kenya. Si Mkenya kwa hilo; uraia wa kuzaliwa kwetu hufuata mzazi, haufuati mahali. Mama alilazimika kuelezwa mara mbili, kwa sababu jirani alikuwa amempongeza kwa kupata "mtoto wa hapa".

## Uchambuzi

Kutolipa faini kulifanikiwa, lakini sitaki mtu alichukue kama kanuni. Lilifaa kwa sababu kulikuwa na amri ya kurudishwa. Pasipo amri hiyo, ningesema lipeni leo na tujiandikishe kesho. Soma hukumu hadi neno la mwisho kabla hujamshauri mtu kuhusu pesa. Na ni lazima familia ndiyo iamue. Sisi tulieleza, mzee na binamu ndio walioshika bahasha. Kama kikohozi cha yule mtoto kingegeuka nimonia, nisingekuwa na haki ya kuuita uamuzi huu mzuri.

Barua kwa Kamishna ingeweza kuandikwa na mtu yeyote, siku ya kwanza. Haihitaji wakili. Inahitaji jina, nchi, mahali mtu alipo, na sentensi inayosema anaomba hifadhi na anaogopa kurudi. Siku 9 zilipotea kwa sababu kanisa halikujua hilo, na lawama hiyo ni yetu tunaofanya kazi hii umbali wa matatu moja tu kutoka kwao.

Kuhusu siku 30, watu wengi huzichukua kama mlango uliofungwa, na hofu hiyo huwazidishia ukimya. Kuchelewa kunadhoofisha ulinzi wa kifungu cha 31 na kunaleta maswali ya uaminifu, ndiyo. Lakini hakuondoi hatari inayomngoja mtu kwao, na kanuni ya kutorudishwa haijafungwa kwa siku 30. Aliyechelewa aje na aeleze kilichomchelewesha. Binamu mwenyewe aliandika maelezo ya kwa nini alimshauri akae kimya, akataja Kasarani, na yakaaminiwa.

Aliulizwa pia kwa nini hakubaki Uganda. Alishtuka, akadhani amevunja sheria kwa kupita. Mkataba wa 1951 hauna kifungu kinachomlazimisha mtu kuomba hifadhi katika nchi ya kwanza anayoikanyaga. Kifungu cha 31 kinawataja wanaotoka moja kwa moja kwenye hatari, na kuna mabishano jinsi ya kulisoma hilo kwa waliopita tu, lakini siku nne za kulala kwa waumini Kampala si kuhamia Uganda. Mwandae mtu kwa swali hili. Asijifunze jibu la kukariri. Ajue tu kwamba kuulizwa si kushtakiwa.

Lugha ndiyo iliyoniuma zaidi. Katiba, katika kifungu cha 50, inampa mshtakiwa mkalimani bila malipo asipoielewa lugha ya mahakama. Haki hiyo huamka tu pale mtu anapoonekana haelewi. Msomali au Mhabeshi atatafutiwa mkalimani, maana kila mtu anaona haelewi. Mkongomani wa Kivu anaelewa maneno tisa kati ya kumi, anaitikia, anatabasamu, na lile la kumi ndilo linalomfunga. Hata yeye hajui kwamba hakueleweka. Sisi tunaojivunia Kiswahili kuunganisha kanda nzima tunapata tabu kukubali kwamba ndani yake kuna mipaka.

Fomu yetu sasa ina mistari miwili badala ya mmoja: lugha gani, na ya wapi. Chini yake kuna nafasi ya kuandika sentensi tatu za mhusika kwa maneno yake mwenyewe, bila kusanifisha, herufi kwa herufi kama alivyozitamka. Tumeorodhesha pia maneno yaliyotusumbua. Kutumika liko la kwanza.

Mwezi uliopita nilikaa na Mama Neema kujaza fomu ya Msalaba Mwekundu ya kumtafuta mumewe. Tulifika mahali pa kazi. Nikamwuliza, "Alikuwa anatumika kazi gani?"

"Viatu," akasema. "Alikuwa anashona viatu."

Nikaandika: mshonaji viatu.